Masika Yaliyotutoa Chumbani

Ukitua Kitengela kati ya Machi na Mei, jambo la kwanza utakalosimuliwa ni matope. Udongo wa huku ni mweusi na mzito. Ukilowa huvimba na kung'ang'ania kiatu, ukikauka hupasuka mianya ya kumeza mguu wa mbuzi. Waendesha boda boda hupandisha nauli, wenye magari huyaacha kando ya lami ya barabara ya Namanga na kumalizia safari kwa miguu, na mwanafunzi mgeni hununua gambuti kabla ya kununua daftari. Hayo ndiyo masika ya mjini. Nyuma ya nyumba za ghorofa, pale ujenzi unapokoma, masika hayo hayo hufanya kazi nyingine: huifufua mbuga. Nataka kusimulia masika ya mwaka 2018, wakati mimi na wenzangu wa hosteli tulipotoka kuyafuata huko nje, kwa sababu niliyoyapata katika matembezi yale yameniongoza maishani kuliko mitihani mingi niliyofaulu.

Mimi ni mtoto wa Kisauni, Mombasa. Kwetu masika ni msimu wa kujifungia. Upepo wa kusi hukaza, bahari huchafuka, wavuvi hupandisha ngalawa ufuoni, na watoto hufundishwa kukaa barazani mpaka mvua ikatike. Nilipokuja bara kusoma nilipangiwa chumba katika hosteli ya wasichana mjini Kitengela, pamoja na wenzangu watatu: mmoja wa Nyeri, mmoja wa Vihiga, na mmoja Mmaasai ambaye kwao ni ndani ya Isinya. Tulikuwa na vitanda vya dabodeka, mtungi mmoja wa gesi, na ndoo za maji tuliyonunua kwa mkokoteni. Mwaka wa kwanza tuliishi vizuri. Mmoja akipika chapati, wote tulikula chapati.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2017. Wakenya wanaukumbuka: kura ya tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu kuibatilisha tarehe 1 Septemba, marudio ya tarehe 26 Oktoba, na miezi ya maneno makali kabla na baada. Chumbani kwetu hakuna aliyemtukana mwenzake. Kilichotokea kilikuwa cha kimya zaidi. Yule wa Nyeri na yule wa Vihiga waliacha kuulizana habari za nyumbani. Simu zikaanza kupigwa koridoni, kwa lugha ya mama, kwa sauti ya chini. Sufuria moja ikawa sufuria nne. Mimi, ambaye kwa desturi za pwani nimelelewa kuamini kwamba chakula huliwa sinia moja, niliona uzito wa jambo lile kila jioni gesi ilipowashwa kwa zamu, kila mtu akijipikia chake.

Tarehe 9 Machi 2018 Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga walipeana mikono mbele ya Harambee House. Nchi nzima ilishusha pumzi. Lakini kupeana mikono kwa wakubwa hakukuingia chumbani kwetu kwenyewe. Kila mmoja alitamani mambo yarudi yalivyokuwa, na hakuna aliyejua neno la kuanzia.

Neno lile lililetwa na mvua. Ukame uliotangulia ulikuwa mkali. Februari 2017 serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa, na mwenzetu wa Isinya alikuwa amepoteza likizo nzima akiwasaidia nduguze kuhamisha ng'ombe. Masika ya 2018 yakashuka mapema na kwa wingi. Siku moja alirudi kutoka koridoni alikokuwa akizungumza na mama yake, akasimama katikati ya chumba, akasema, "Mvua imeshika. Nyumbani maziwa yapo. Jumamosi mnakaa humu ndani mkifanya nini?" Hakumwuliza mmoja wetu. Alituuliza sote, na ndipo ilipobidi sote tujibu.

Matembezi ya kwanza yalikuwa ya karibu. Tuliondoka alfajiri, tukaiacha barabara ya Namanga nyuma yetu, tukaelekea magharibi upande wa Sholinke, ambako ardhi huteremka kuelekea Mto Empakasi. Ng'ambo ya mto ni Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ya kwanza nchini Kenya. Pande zake nyingine zina ua. Upande huu wa kusini mpaka ni mto tu, na wanyama huuvuka watakapo. Kabla hatujakanyaga nyasi, mwenzetu wa Isinya alikuwa amempigia simu mjomba wake kumwomba ruhusa ya kupita. Nilimwuliza kwa nini, maana sikuona ua wala lango. Akanijibu, "Dada, hakuna hapa pasipo na mwenyewe." Jibu lile limekuwa kanuni yangu. Ardhi iliyo wazi si ardhi iliyoachwa, na mgeni mwenye adabu hubisha hodi hata pasipo na mlango.

Mbuga ilikuwa imechanua. Watu wengi wakisikia jina la Kajiado hufikiria vumbi na miiba, na kweli vumbi na miiba vipo. Lakini mvua ikishika, nyasi fupi hutoka kwa siku chache tu, na katikati yake huchomoza maua meupe, mapana, yaliyo karibu na ardhi, yakitapakaa kama vipande vya karatasi vilivyopeperushwa na upepo. Wanasayansi huyaita Cycnium tubulosum. Mizizi yake hujishika kwenye mizizi ya nyasi na kunyonya humo sehemu ya riziki yake, kwa hiyo huwezi kuyapeleka bustanini yakakubali. Yanataka nyasi zake. Na ukiyachuma hubadilika rangi na kuwa meusi. Yule wa Vihiga alichuma moja kabla hajaambiwa, akaliangalia likinyauka mkononi, akasema kwa upole kwamba maua haya ni ya kufuatwa yalipo. Kando yake palikuwa na migunga mifupi yenye vinundu vyeusi. Ndani ya vinundu hukaa sisimizi wanaoulinda mti dhidi ya walaji, na upepo ukipita kwenye vitundu vyao mti hupiga mluzi. Tulisimama tukausikiliza, sote wanne. Tulikuwa hatujasimama pamoja kusikiliza kitu kimoja tangu Agosti.

Nyumbu na punda milia tulianza kuwaona jua lilipopanda. Mjomba alikuwa ametufikia, fimbo begani, akatueleza mambo ambayo hatukuyasikia darasani. Wakati wa kiangazi, alisema, wanyama hukaa hifadhini karibu na mto usiokauka. Mvua ikinyesha hutoka kuja huku tambarare, kwa sababu nyasi fupi za huku zina madini ambayo majike wanaonyonyesha huyahitaji, na kwa sababu penye nyasi fupi simba hana pa kujificha. Kisha akatuambia jambo lililonishangaza zaidi. Nyumbu anapozaa, ndama wake hubeba ugonjwa ambao yeye mwenyewe haumdhuru ila ng'ombe akiupata hufa. Kwa hiyo majuma yale nyasi zikiwa tamu kuliko wakati wowote, ndiyo majuma ambayo mfugaji huwaondoa ng'ombe wake na kumwachia nyumbu malisho. "Yeye ana zamu yake," alisema. "Sisi tuna yetu."

Nimelifikiria neno lile la zamu mara nyingi. Tumezoea kuuzungumzia ukarimu kana kwamba ni tabasamu na kikombe cha chai. Mzee yule alikuwa akitueleza ukarimu unaomgharimu mtu malisho bora ya mwaka, na hakutaka sifa kwa ajili yake. Ndivyo watu na wanyama walivyokaa pamoja katika nchi ile vizazi na vizazi: kila mmoja akimpisha mwenziwe kwa msimu wake.

Utaratibu ule sasa unabanwa, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa mbuga za Athi na Kaputiei walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wamebaki elfu chache. Ranchi ya pamoja ya Kitengela ilikuwa imegawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapewa kipande chake na hati yake, na vipande vikaanza kuuzwa. Eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje lilikuwa limefunguliwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na soko la ploti za hamsini kwa mia likawaka moto. Kila ploti ilipata ua wake. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuzilipa familia takribani dola 4 kwa eka kwa mwaka zisijenge ua wala kuuza, ili njia za wanyama zibaki. Na vijana wa huku hawakukaa bure. Richard Turere, mvulana aliyelelewa kando ya mto huu huu, alikuwa na miaka 11 alipobuni taa za kumweka zilizowazuia simba kuingia zizini kwa baba yake, na mwaka 2013 akazieleza jukwaani Marekani, dunia ikisikiliza. Ubunifu ule uliwaponya ng'ombe bila kumwua simba.

Hapo ndipo yule wa Nyeri aliposema kitu alichokuwa amekifungia moyoni. Alisema wazazi wake wana ploti Kitengela. Waliinunua kwa akiba ya majani chai ya miaka mingi, kwa kuwa shamba la babu limekwisha kugawanywa kwa ndugu hata halitoshi. Alimwuliza mjomba moja kwa moja, sauti ikimtetemeka, kama wao ni sehemu ya tatizo. Mzee alimtazama, akamwita karibu. "Mwanangu, aliyewauzia ni mmoja wetu, na alikuwa na mtoto wa kupeleka shule kama baba yako alivyokuwa na wewe. Jengeni. Lakini acheni njia."

Tulikaa chini ya mgunga mkubwa tukafungua chakula. Yule wa Vihiga akasema kwao shamba limekatwa vipande vyembamba mpaka ndugu wawili hawawezi kulima bila kukanyagiana mistari ya mahindi, na kwamba kaka zake hawasemezani kwa ajili ya mpaka. Mimi nikasimulia habari za Kisauni, ambako familia huweza kuishi pahali vizazi vitatu, ikazika wazee wake hapo hapo, na bado isiwe na hati, kwa sababu ardhi ya ukanda wa pwani iliandikishwa tangu zama za ukoloni kwa majina ya watu ambao wengi wao hawaishi hapo. Mwenzetu wa Isinya akamaliza kwa kusema baba yake amekataa wanunuzi, na kila mwaka wa ukame kukataa kunazidi kuwa kugumu.

Tulitazamana. Miezi minane tulikuwa tumelala chumba kimoja tukidhani kila mmoja yuko upande wake. Kumbe sote wanne tulikuwa watoto wa nyumba zenye wasiwasi ule ule wa ardhi, kila mmoja kwa namna ya kwao. Siasa ilikuwa imetupa majina ya kutenganishwa nayo. Nyasi na mkate mkavu na mzee mwenye subira vilitupa nafasi ya kusemezana. Najua hili lisingetokea chumbani. Chumbani tulikuwa tumekaa uso kwa uso, na watu walionyamaziana kwa muda mrefu huona tabu kuanza kusema wakitazamana. Wakitembea bega kwa bega, macho yao yakiwa kwenye kitu cha tatu, maneno hupata njia.

Baada ya hapo hatukuhitaji kushawishiwa. Matembezi yaliyofuata yalikuwa ya kwenda nyumbani kwa mwenzetu. Tulipanda matatu Kitengela, tukapita Kisaju hadi Isinya, tukachukua boda boda mpaka pale njia ilipowashinda, tukamalizia kwa miguu. Njiani alitufundisha salamu. Kwa Wamaasai kijana humwinamia mzee, naye mzee humgusa kichwani. Mimi niliyezoea kumwamkia bibi "shikamoo" na kumbusu mkono sikuona ugeni wowote. Mwili hutii adabu kwa urahisi ukishaijua moja. Mama mwenye boma alitugusa mmoja baada ya mwingine, akatuita wanawe, akatuingiza ndani.

Wahenga wetu wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulililia jembe siku ile ile. Masika ndiyo wakati ambao mwanamke wa Kimaasai ana kazi nyingi zaidi, kwa kuwa nyumba ni yake: yeye ndiye huijenga kwa fito, na yeye ndiye huikanda kwa samadi na udongo, na mvua ikivuja ni yeye anayepanda juu kuziba. Tulichota maji kwenye silanga iliyokuwa imejaa pomoni, tukakanda samadi, tukampitishia mama mabonge naye akiwa juu ya paa. Yule wa Nyeri na yule wa Vihiga walishirikiana karai moja. Hakuna aliyetoa hotuba ya upatanisho. Karai lilikuwa zito, likahitaji watu wawili.

Kisha maziwa yakaja, kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa makaa ya mzeituni wa mwituni, yakiwa na harufu ya moshi ambayo ulimi wangu wa pwani haukuijua na leo huikumbuka. Mama alituambia tunywe tushibe, na kwamba tungekuja mwaka uliopita asingekuwa na la kutupa. Alilisema bila huzuni, kama mtu anayetaja kalenda. Kwa mfugaji ukarimu una msimu. Anayekuja wakati wa kiangazi huletewa alichonacho mwenyeji, nacho huenda ni kikombe kimoja. Anayekuja masika hunywa akaacha. Nilielewa kwa nini mwenzetu aliyekuwa mkimya mwaka mzima alipata sauti mvua iliponyesha. Alikuwa amepata cha kutukaribishia.

Tulirudi kwa kupitia mji wa Kajiado, makao makuu ya kaunti. Tulikula nyama pale, tukasimama kando ya reli nyembamba inayotoka Konza kwenda Magadi, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kubeba magadi kutoka ziwani. Mwenzetu alitukumbusha kwamba miaka hiyo hiyo, kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, na kwa ule wa 1911 wakaondolewa Laikipia na kuletwa kusini huku. Reli ikaja kuchukua magadi, watu wakaletwa kuachia wengine malisho. Tulikuwa tumeyasoma yote mawili kidato cha tatu, kila moja katika sura yake. Tukiwa pale kwenye mataruma tuliyaona kwa mara ya kwanza kuwa habari moja.

Matembezi ya mbali zaidi yalikuwa ya Olorgesailie. Wasichana wa vyumba vingine walikuwa wamesikia habari zetu, tukachanga fedha na kukodi gari. Tulipita barabara ya Isinya kwenda Kiserian, tukapinda Kona Baridi kwenye ncha ya Vilima vya Ngong, na kutoka hapo nchi ikaporomoka mbele yetu mpaka chini Bonde la Ufa. Huko kwa kawaida ni jua na mawe meupe. Masika yale hata huko palikuwa na majani.

Olorgesailie ni pahali ambapo Mary na Louis Leakey walianza kuchimba miaka ya 1940, wakakuta mashoka ya mawe kwa mamia, yamelala juu ya ardhi kana kwamba wenyewe wameenda kunywa maji. Mengi yameachwa yalipokutwa, nawe huyatazama ukiwa juu ya daraja la mbao. Mwongozaji wetu wa makumbusho alikuwa na habari mpya. Machi ile ile ya 2018, wanasayansi wa Taasisi ya Smithsonian na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambao wamefanya kazi pale tangu miaka ya 1980, walikuwa wamechapisha matokeo makubwa. Watu wa kale waliotengeneza mashoka yale kwa mamia ya maelfu ya miaka walichukua mawe karibu, mengi ndani ya kilomita 5. Halafu, yapata miaka 320,000 iliyopita, mambo yalibadilika. Vinaonekana vyombo vidogo, vya ustadi zaidi, vilivyotengenezwa kwa obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, kutoka machimbo yaliyo umbali wa kilomita 25 hadi 50 na mengine zaidi ya hapo. Pia mawe ya rangi nyekundu na nyeusi yaliyosagwa ili kupaka. Na kipindi hicho ndicho hali ya nchi ilipokuwa imechafuka, mvua ikiwa haitabiriki, maziwa yakija na kutoweka, wanyama wakubwa wakipotea.

Wanasayansi wanaona humo dalili ya watu waliojenga uhusiano na majirani wa mbali: jiwe likapita mkono kwa mkono, pengine na habari na misaada pamoja nalo. Msimu ukiharibika kwako, unahitaji mtu ng'ambo ya mlima ambaye kwake haujaharibika, na mtu huyo huwezi kumpata siku ya dhiki ikiwa hukumtembelea siku ya neema. Nilisimama juu ya mbao zile nikawatazama wenzangu wakiinamia mawe, nikaona kwamba tulichokuwa tukifanya tangu Aprili kilikuwa na ukoo mrefu kuliko makabila yetu yote manne. Kutoka kwenda kwa wengine, na kurudi na kitu chao mkononi, ni katika mambo ya mwanzo kabisa yaliyotufanya watu.

Tulirudi Kitengela usiku. Sijui ni nani aliyeweka sufuria kubwa jikoni kesho yake, ila tulikula pamoja, na tuliendelea kula pamoja mpaka tulipomaliza masomo. Yule wa Vihiga alipougua homa ya matumbo mwaka uliofuata, yule wa Nyeri ndiye aliyelala naye hospitalini, na mama yake wa Nyeri ndiye aliyetuma fedha ya dawa kabla ya kwao kupata habari. Urafiki wao haukusimama juu ya kukubaliana kisiasa. Hadi leo hawakubaliani. Ulisimama juu ya kazi waliyofanya pamoja, njia waliyopita pamoja na mambo ya nyumbani waliyoambiana.

Yule wa Nyeri baadaye alipata ufadhili wa serikali ya Japani akaenda kusoma huko. Masika ya kwanza akiwa kule alituandikia kwamba wenzake wa bweni wamemtoa nje kwenda kukaa chini ya miti ya sakura, na kwamba kwa saa nzima hakufikiria kingine ila Sholinke. Kule mwaka wa masomo huanza Aprili, maua nayo huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, kwa hiyo mwanafunzi mgeni hupokelewa na msimu. Wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi, majirani, wote hutandika mikeka bustanini na kula pamoja. Hakuna anayengoja mwaliko maalumu, kwa sababu desturi yenyewe ndiyo mwaliko. Hilo ndilo ninalowaonea wivu Wajapani. Sisi tuna msimu, tuna maua, tuna nyumbu wanaovuka mto, na hatuna desturi ya kuwatoa vijana wetu kwenda kuviona pamoja. Ilitubidi sisi kuokolewa na msichana mmoja aliyeguswa na mvua.

Alituandikia jambo jingine. Mjini Kyoto kumbukumbu za siku ya kuchanua kwa maua yale zimetunzwa tangu karne ya 9, na mwaka 2021 yalifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote ulioandikwa hadi wakati huo. Msimu hata kule unasogea. Hapa kwetu umesogea kwa njia ya kuumiza zaidi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na Kajiado ikapoteza ng'ombe wengi, na punda milia na nyumbu wakafa kwa wingi Amboseli. Kisha mwaka 2024 mvua ikaja kwa ghadhabu, mto ukafurika na kukata barabara kati ya Athi River na Kitengela. Katika ukame ule mama yule wa Isinya aliitazama mifugo yake ikipungua. Miaka ile ya ukame sisi tuliokunywa maziwa yake tulijua pa kuelekeza msaada, na tulijua kwa jina ni nani anayepokea. Hatukuwa tukitoa sadaka kwa watu wa mbali. Tulikuwa tukirudisha kibuyu.

Leo ninafundisha shule ya sekondari, na kila mwaka mvua ikishika huwaambia wanafunzi wangu haya niliyoyapata. Mwalimu mkubwa kuliko sisi yuko nje ya ukuta wa shule, na haendi likizo. Usiende kwake peke yako. Nenda na wale unaolala nao chumba kimoja, hasa yule mliyenyamaziana. Usiende bila mwenyeji, na umwombe ruhusa hata pasipo na ua. Ukifika, shika kazi inayofanywa, kwa sababu anayetazama tu hurudi na picha, na anayefanya kazi hurudi na ndugu. Nenda wakati wa neema ili ujue pa kupeleka mkono wakati wa dhiki. Na ukija kununua ploti yako, maana wengi wenu mtanunua, kumbuka kuna nyumbu na kuna mchungaji na kuna jirani ambaye naye ana zamu yake. Acha njia.

Wazazi huniuliza kama matembezi haya hayawapotezei watoto muda wa mitihani. Huwajibu kwamba nchi hii haijawahi kukaribia kuvunjika kwa sababu vijana wake walifeli hesabu. Imekaribia kuvunjika kila mara walipokuwa hawajuani. Dawa ya hilo ni nauli ya kwenda Isinya na kurudi, chakula cha kubeba, na Jumamosi moja ya Aprili.